Kula samaki mezani kabla ya kupanda ndege Mwanza, bila kuachwa

Nahudumia meza karibu na uwanja wa ndege wa Mwanza. Abiria wengi ninaowaona wakimwacha samaki nusu na kukimbia na begi hawakuchelewa kufika. Waliagiza vibaya.

1. Hesabu kwa kurudi nyuma. Usianzie saa ya kuruka, anzia saa kaunta inapofungwa. Tiketi ikisema 14:00, ndege inaondoka saa nane mchana, lakini kaunta hufungwa mapema zaidi, na mashirika hayafanani. Soma tiketi yako. Kutoka mjini si mbali, ila siku ya mechi Kirumba ongeza muda wa foleni.

2. Mzigo kwanza, tumbo baadaye. Kabidhi begi, chukua bodingi pasi, ndipo ukae. Hasa kama umebeba boksi la sato wa zawadi: wawe wameganda na boksi lisivuje. Likikataliwa kaunta, utahitaji muda wa kulifunga upya, na muda huo huupati ukiwa na tonge mkononi.

3. Agiza kulingana na dakika ulizonazo. Hapa ndipo penye kazi. Usiulize "kuna nini?", maana utatajiwa vyote. Uliza: "Dada, kipi kiko tayari?"

Sato mzima wa kuchoma huwekwa jikoni ukishaagiza, na mkaa hauna haraka. Ukimsukuma mpishi, utaletewa samaki aliyeungua ngozi na mbichi mgongoni. Kama huna saa nzima ya kukaa, mwache. Wa kukaanga ni afadhali, hasa ikiwa ameshakaangwa na anarudishwa tu kwenye mafuta apate moto.

Mwenye haraka namshauri rosti ya sangara. Vipande ni vinene na mifupa yake mikubwa, unaiona. Sato ana miba myembamba. Ukimla huku jicho liko kwenye saa, unautafuta mwiba wa kooni.

Wali mara nyingi umeshaiva, ugali husongwa ukiagiza. Najua Wasukuma wenzangu watanisema, samaki na wali wapi na wapi! Basi fikeni mapema.

4. Lipa unapoagiza. Lipa namba huwa iko ukutani au mezani. Ukilipa taslimu, toa hela ndogondogo. Chenji imeshachelewesha watu kuliko jiko.

5. Punguza maharage, kabichi na soda. Hewa ndani ya ndege huwa nyepesi, inaweza kufikia ya mlima wa mita 2,400 hivi, kwa hiyo gesi tumboni hutanuka. Sisi wa Mwanza tumeshakaa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo tofauti hatuisikii sana kama anayetokea Dar. Lakini jirani yako wa kiti hana habari na hesabu hizo.

6. Nawa kwa sabuni, kisha sugua vidole na ndimu. Omba kipande cha ndimu kabla sahani hazijaondolewa.

7. Kilichobaki kifungwe kikavu. Kipande cha kukaanga kwenye foili hakina shida sana. Mchuzi na pilipili ya maji viache mezani, maana vimiminika ndivyo vinavyokusimamisha kwenye ukaguzi, na mfuko ukipasuka kwenye begi, nguo zako zitanuka rosti mpaka unakokwenda.