Wapigapicha: ombeni picha ya babu

Hii nimeijaribu msimu huu wa harusi na imeniletea kazi. Ukienda kukabidhi picha, waulize wenyeji kama wana picha ya zamani ya babu au bibi iliyochanika au kufifia. Ipige upya palepale kwa kamera, taa mbili zikitokea pembeni kwa nyuzi 45 ili isilete mng'ao, kisha tumia akili bandia ya Photoshop kuziba mikwaruzo na mikunjo. Nakala ndogo wape bure, ya fremu walipie. Picha huwa moja na ndugu ni wengi: shangazi akiiona kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, naye ataleta zake. Kinachoharibu ni uso. Uso ukiwa mdogo kama punje ya mahindi, au umefifia kabisa, programu haina cha kurejesha; inabuni, na unapata mzee nadhifu ambaye si wao. Hapo safisha nguo na mandhari tu, uso uache na ukungu wake. Na kabla ya kuchapa, mwonyeshe mtu aliyemfahamu marehemu.