Vichwa vya kusubu kwenye bastola: namna ya kuipata risasi inayoingia chemba bila kukwama

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Hapa "risasi" ni kitu kizima kinachoingia kwenye magazini. Kile kinachoruka ni "kichwa", shaba ya nyuma ni "ganda", na kinachoyeyushwa kwenye chungu ni "madini ya risasi". "Kichwa cha kusubu" ni kile kilichotengenezwa kwa kumimina madini hayo yaliyoyeyuka kwenye kalibu. Maneno haya yakichanganywa, na vipimo huchanganyika.

Bastola inayokula vichwa vyenye koti la shaba bila taabu huweza kugoma mara tu inapopewa vichwa vya kusubu, na lawama huangukia springi au magazini. Mara nyingi kosa liko kwenye risasi yenyewe, katika sehemu ndogo kuzunguka mdomo wa ganda. Kichwa cha kusubu ni laini, kwa kawaida ni kinene kidogo kuliko cha koti, na umbo lake si lile ambalo dai zako (vifaa vya chuma vya kulipa ganda umbo na kukalishia kichwa) zilipangiwa.

Kazi hii ya kujitengenezea risasi ifanywe na mwenye kibali, pale sheria inaporuhusu. Kiasi cha baruti hakimo humu: kichukue kwenye kitabu cha vipimo kilichochapishwa, kwenye jedwali la kichwa cha kusubu chenye uzito na umbo lile lile. Hatua 1 hadi 6 zinafanywa kwa risasi za kujaribia zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni). Tengeneza tano, zipake wino ubavuni ili usizichanganye na nyingine.

Hatua 1: Pima mtutu

Pitisha kipande cha madini laini ndani ya mtutu uliopakwa mafuta, kisha pima kwa maikromita sehemu yake pana zaidi. Kalipa haitoshi hapa. Kichwa kiwe kinene kuliko kipimo hicho kwa takriban milimita 0.025. Kwa risasi za aina ya 9 mm, wengi huishia kati ya milimita 9.04 na 9.09, kwa aina ya .45 ACP, 11.48. (Vipimo vyote humu ni vya milimita.) Kichwa chembamba huacha madini ndani ya mtutu na kukosa shabaha. Soma pia kitabu cha bastola yako: Glock, kwa mfano, inakataza vichwa visivyo na koti kwenye mitutu yake.

Hatua 2: Chagua umbo

Pua ya duara huteleza vizuri zaidi kwenye mteremko wa kuingilia chemba. Kichwa chenye bega kali hukubaliwa na baadhi ya bastola tu, na bega lake lisichomoze sana nje ya mdomo wa ganda: kwenye .45 ACP, kiasi cha unene wa ukucha kinatosha.

Hatua 3: Panua mdomo wa ganda

Panua kiasi tu cha kichwa kusimama wima juu ya ganda bila kushikwa. Usipopanua vya kutosha, ukingo wa shaba hunyoa ubavu wa kichwa na kuacha pete ya madini mdomoni. Pete hiyo huzuia risasi isizame chembani. Ukizidisha, mdomo hupasuka baada ya kutumiwa mara chache.

Angalia pia kipanuzi chenyewe. Vipanuzi vingi vya 9 mm vimetengenezwa kwa kichwa cha koti, hivyo ganda hubaki jembamba ndani na kukikamua kichwa laini. Tafuta kipanuzi kinene zaidi.

Hatua 4: Kalisha kichwa, halafu ubane; usifanye yote kwa pigo moja

Ukikalisha na kubana kwa mkupuo mmoja, mdomo huanza kujifunga wakati kichwa bado kinashuka, na madini hunyolewa. Tumia vituo viwili.

Kubana hapa maana yake ni kuondoa upanuzi uliouweka, basi. Risasi za aina hii husimama chembani kwa ukingo wa mdomo wa ganda, kwa hiyo ukingo usikunjwe ndani. Kwa 9 mm lenga takriban 9.60 mdomoni, usivuke 9.65, kwa .45 ACP lenga 11.94 hadi 11.96. Kubana zaidi hakushikilii kichwa zaidi: shaba hurudi nyuma kidogo baada ya kubanwa, madini hayarudi, na kichwa hulegea.

Kisha ng'oa kichwa kimoja kwa nyundo ya kung'olea, ukipime tena. Kama kiliingia na 9.07 kikatoka na 9.02, ganda au dai ya kubania imekikamua, na hatua ya 1 imepotea bure. Dai zenye pete ngumu ya kusawazisha (kulirudisha kwenye unene wake) ganda zima ndizo huleta hasara hii zaidi.

Hatua 5: Jaribu kwenye mtutu wako

Fungua bastola, toa mtutu, dondosha risasi ya kujaribia chembani. Inatakiwa igonge "tok", izunguke kwa kidole, na idondoke kwa uzito wake ukiugeuza mtutu. Isipofanya hivyo, ipake wino wa kalamu nene, iingize, izungushe, uitoe na usome mikwaruzo:

- Mkwaruzo kwenye pua: kichwa kinagusa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Punguza urefu kwa 0.1 kila mara mpaka iwe huru, kisha toa 0.3 zaidi kwa ajili ya uchafu.
- Kwenye ukingo wa mdomo: upanuzi haujaondoka wote, au kuna pete ya madini.
- Katikati ya ganda: kichwa kimekaa upande, au ni kinene mno kwa ganda lile.
- Karibu na kitako: ganda halikusawazishwa mpaka chini.

Urefu usizidi kikomo (29.69 kwa 9 mm, 32.39 kwa .45 ACP), na usipungue ule wa kitabu. Ganda la 9 mm ni dogo. Kichwa kikizama zaidi, shinikizo hupanda haraka. Chemba ikidai urefu mfupi kuliko wa kitabu, badilisha umbo la kichwa.

Hatua 6: Hakikisha kichwa hakirudi ndani

Pima urefu, pitisha risasi ya kujaribia kutoka magazini hadi chembani mara tatu, pima tena. Ikipungua zaidi ya 0.05, ganda halijashika. Tiba iko kwenye kulisawazisha ganda vizuri zaidi, usikimbilie kubana.

Hatua 7: Risasi halisi

Unapopakia, pima urefu kila baada ya risasi ishirini. Grisi ya vichwa hujikusanya ndani ya dai ya kukalishia na kuvizamisha kidogo kidogo. Fungua, futa, endelea.

Uwanjani anza na risasi mbili tu kwenye magazini. Slaidi ikikosa milimita chache kufunga, rudi hatua ya 5. Ganda tupu lisiporuka vizuri, slaidi haikurudi nyuma vya kutosha: baruti ni hafifu au springi ni nzito, lakini usivuke kiwango cha juu cha kitabu. Ukisikia mlio dhaifu, simama hapo hapo, toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, kisha fungua bastola na uchungulie mtutu kutoka nyuma. Kichwa kilichokwama ndani kikifuatwa na kingine, mtutu huvimba au kupasuka.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.