Namna ya Kumtazama Chakyar Akiigiza Kutiyattam

Mgeni wa Kutiyattam, tamthilia ya ibada ya Kihindu inayochezwa kwa Kisanskriti katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, huchoka mapema kwa sababu anasubiri kisa kisonge mbele. Kisome chote kabla ya kwenda, kwa kuwa kinachotazamwa ni namna Chakyar, mwigizaji aliyerithi kazi hiyo katika ukoo wake, anavyokipanua kwa macho, nyusi na vidole.

Chagua mahali kwanza. Jukwaa la asili ni koothambalam, jengo la maonyesho lililomo katika eneo la hekalu, kama lile la Vadakkunnathan mjini Thrissur. Hata hivyo, mahekalu mengi ya Kerala hayawapokei wasio Wahindu, kwa hiyo wengine na watafute maonyesho ya Kerala Kalamandalam, chuo kilichoanza kufundisha sanaa hii mwaka 1965 bila kuwabagua wasiozaliwa katika koo hizo, au ya kituo cha Margi mjini Thiruvananthapuram.

Kisha uliza ni usiku wa ngapi. Igizo la kimila huchukua siku nyingi: mhusika huingia na kujitambulisha, halafu katika sehemu iitwayo nirvahanam mwigizaji mmoja hurudi nyuma kueleza yaliyomfikisha pale, na wahusika hukutana jukwaani mwishoni tu. Wageni hupenda usiku huo wa mwisho, ilhali utamu, kwa maoni yangu, umo katika nirvahanam.

Keti karibu na taa kubwa ya mafuta, kwani ukiwa mbali hutaona mboni zikisogea. Tuseme Chakyar ni Ravana, mfalme wa mapepo katika utenzi wa Ramayana, na mlima Kailasa, makao ya mungu Shiva, umemzuilia njia. Usikimbilie kutazama mikono. Macho yake hupanda polepole kutoka chini hadi kileleni, yakatanda kulia na kushoto, na kwa mtazamo huo pekee mlima usiokuwepo hupata kimo na upana. Baada ya hapo ndipo anapoingiza mikono chini yake na kuung'oa, na uzito wake utauona shingoni na mashavuni. Sikiliza pia mizhavu, mtungi mkubwa wa shaba uliowambwa ngozi mdomoni, ambao Nambiar, mpiga ngoma wa jamii iitwayo hivyo, huupiga kwa mikono akifuata macho hayo, kwa hiyo mdundo ukikolea ujue jambo linageuka. Nangiar, mwanamke wa jamii ya Nambiar, hushika matoazi na kughani beti, na nafasi za kike ni zake.

Ishara za mikono zina msingi wa mikao 24, na si lazima uijue yote.

Akitokea Vidushaka, mcheshi anayesema Kimalayalam na ambaye kimila aliruhusiwa kumdhihaki hata mfalme, macho pekee hayatakutosha. Siku hiyo keti na mtu wa kukutafsiria.