Kupata maneno ya Kiingereza kutokana na herufi ulizopewa

Kwanza amua swali ni lipi: maneno yaundwe kwa herufi hizo tu, au yawe nazo pamoja na nyingine? Hapo ndipo klabu za Kiingereza za sekondari hubishana bure.

Chukua DODOMA. Hesabu kabla ya yote: D mbili, O mbili, M moja, A moja. Zinatoa mood, doom, odd, add, mad, dam na ado. Madam haikubaliki, inadai A mbili na M mbili. Dome inataka E, ambayo haipo.

Herufi zikiwa nyingi usiziandike kwa mstari, maana jicho hung'ang'ania mpangilio wa mwanzo. Zipange kwa duara, irabu pembeni. Kisha jaribu viambishi vya mwisho: ED, ER, ING, S. Kwenye A, D, E, I, N, R, T, ukitenga ED unaona train, na papo hapo trained. Retina hujificha kwa kuwa haina kiambishi cha namna hiyo.

Kwa swali la pili, tuseme unataka maneno yenye O, M na D mbili, kompyuta ya Linux yenye orodha ya maneno inatosha. Amri ya grep huchuja maneno yenye herufi unayoitaja, na 'd.*d' ni D mbili, hata zikitenganishwa na herufi nyingine:

grep o /usr/share/dict/words | grep m | grep 'd.*d'

Utaona modified na outmoded. Wengi huandika grep d mara mbili wakidhani wanadai D mbili, wapi! Neno lenye D moja hupita kote. Orodha ina majina ya watu na miji pia. Yaondoe kwa kuongeza | grep -v '[[:upper:]]'.