Kupima misuli ya mtoto mwenye Duchenne kwa umeme, bila sindano

Duchenne ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Kipimo hiki, impidansi ya misuli, hupitisha mkondo hafifu wa umeme juu ya ngozi na kusoma msuli unavyouzuia. Hakiumi. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asipimwe.

1. Jaribu mashine kwa rezista ya oumu 50. Pembe ya awamu (volti inavyopishana na mkondo kwa wakati) isipokaribia sifuri, kagua nyaya kwanza.

2. Mlaze mtoto chali, misuli ilegee. Msuli uliokazwa hubadilisha namba.

3. Ngozi. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Futa mafuta ya kujipaka kwa spiriti, iache ikauke, kisha lowanisha kwa shashi yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Ngozi ikibaki kavu, namba za masafa ya chini (marudio machache ya mkondo kwa sekunde) hurukaruka. Maji yakizidi, yanaunganisha elektrodi (vibati vya umeme vinavyogusa ngozi) moja na nyingine, umeme unapita juu ya ngozi bila kufika kwenye msuli, na ukinzani unashuka ghafla. Ukiona hivyo, kausha katikati ya elektrodi na urudie. Usikubali namba kwa sababu tu mtoto amechoka. Krimu ya mafuta ikiwa imepakwa asubuhi, futa mara mbili.

4. Panga elektrodi nne mstari mmoja, kufuata nyuzi za msuli: mbili za nje zipeleke mkondo, mbili za ndani zisome volti. Ukizizungusha kukata nyuzi, namba inakuwa nyingine kabisa. Kwa msuli wa muundi, pima kwa futi kutoka goti hadi kifundo, weka alama, andika milimita kwenye faili. "Hapa hapa kama siku ile" si kipimo.

5. Pima kwa masafa ya 50 kHz (kilohezi) mara tatu, ukiinua kichwa cha kupimia kila mara. Gawa reaktansi (uzuiaji unaotokana na utando wa seli) kwa ukinzani, tafuta pembe kwa kitufe cha tan⁻¹: 6 kwa 40 ni kama digrii 8.5.

6. Mafuta na kovu vikichukua nafasi ya nyuzi, pembe hushuka. Lakini mtoto anayetumia prednisolone, dawa ya steroidi, hunenepa, na mafuta ya chini ya ngozi nayo huishusha. Kwa hiyo pima pia 200 kHz, ulinganishe uwiano wa pembe hizo mbili, na uandike unene wa mafuta kwa altrasaundi kila ziara. Shavu la mguu lililojaa lisikudanganye: sehemu ya unene huo ni mafuta na kovu.