Kabla hujapanda Girnar, zingatia haya (hasa hilo la kebo kaa)

Kila mwaka vijana wetu wanakuja kusoma Rajkot, huku jimbo la Gujarat, India, na likizo ya kwanza tu wanataka kwenda Junagadh kupanda mlima Girnar, maana ni kilomita kama 100 tu, mnaondoka alfajiri mnarudi usiku. Nendeni, pazuri mno. Ila msiende kichwa kichwa kama nilivyoenda mimi.

Kwanza jua unapanda nini. Watu wanadhani ni hekalu moja juu ya kilima, kumbe ni mlima mzima wenye vilele kadhaa, na mahekalu yamefuatana njiani kwenye ngazi za mawe ambazo wenyewe wanasema ni 9,999. Unaanzia chini pale Bhavnath. Ukifika ngazi ya 4,000 hivi unakuta mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India isiyotaka kuua kiumbe chochote, kubwa lao ni la Neminath, la karne ya 12. Ngazi ya 5,000 hivi ndio kwa Mama Amba, mungu wa kike wa Wahindu, ambako maharusi wanapanda wamefungwa nguo pamoja kuombea ndoa yao. Mbele kuna kilele cha Gorakhnath, mita 1,117, hakuna kilele kirefu zaidi ya hicho Gujarat nzima. Halafu sasa, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu, ukitoka Gorakhnath ngazi zinashuka, zinashuka weee, ndipo unapanda upya hadi kilele chembamba cha mungu Dattatreya penye nyayo zake. Na wakati wa kurudi ule mteremko unageuka kuwa mlima unakusubiri, na miguu imeshachoka.

Visa vyake vijue kabla, usipovijua utaona mawe tu. Neminath alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme, siku ya harusi yake akasikia wanyama wanalia zizini, akauliza, akaambiwa ni wa kuchinjwa kwa ajili ya karamu yako. Akageuza gari lake la kukokotwa palepale, akaacha bibi harusi na ngoma na kila kitu, akapanda Girnar kuwa mtawa. Dattatreya naye ni mwana wa Anasuya, yule mke mwema ambaye miungu watatu wakuu, Brahma, Vishnu na Shiva, walimwendea wamejifanya ombaomba ili wamjaribu, wakamtaka awape chakula akiwa hana nguo, naye akawageuza vichanga kwanza ndipo akawalisha, na mwishowe wote watatu wakawa mwanawe mmoja. Ndio maana kwenye picha Dattatreya ana vichwa vitatu. Bibi mmoja alinihadithia hiki tukiwa tumekaa kwenye ngazi tunapumzika, akakisimulia kama habari ya jirani yake.

Haya, vitu vidogo. Viatu vaa raba, na ziwe rahisi kuvua maana kila hekalu unavua. Maji beba kwenye chupa ya chuma, mifuko na chupa za plastiki usipeleke, ule ni msitu wa hifadhi na simba wa Kiasia wamo. Mkanda wa ngozi uache hotelini, Wajaini hawataki ngozi ndani. Mabega na magoti yafunikwe. Sanamu usizipige picha bila kuuliza. Kama unapanda kwa miguu anza saa tisa au kumi usiku, jua la huku Saurashtra, upande huu wa Gujarat, likishapanda mawe yanatoa moto. Utasikia habari za mashindano ya kila mwaka ambapo vijana wanakimbia hadi kwa Amba na kushuka chini ya saa moja. Hao wamefanya mazoezi, wewe tembea.

Sasa kebo kaa, hizo kibini zinazopandisha watu mlimani zikining'inia kwenye waya. Ilifunguliwa Oktoba 2020, urefu kilomita 2.3, kibini moja watu 8, dakika kama 8 umefika juu. Watu wanaisikia hivyo wanaona wamemaliza kila kitu. Na mimi niliona hivyohivyo. Dada yangu mkubwa alikuja kunitembelea mwezi wa 12, goti lake la kulia bovu tangu zamani, nikamwambia usijali dada, tunapanda na kebo kaa, tunamwona Mama Amba, tunashuka, jioni tunakula. Kwa hiyo akavaa sendo. Sweta tukaacha kwenye teksi. Simu yangu ilikuwa na chaji nusu na nikaimaliza kwa picha.

Tulifika juu mchana, pamependeza, akasema basi tusogee kidogo kule Gorakhnath. Tukasogea. Upepo ukaanza taratibu, zile bendera za hekaluni zikawa zinapiga kama mtu anakung'uta shuka. Tuliporudi stesheni saa tisa alasiri kibini zimesimama, watu wamejazana, tunaambiwa upepo mkali, haziendi. Tukasubiri. Saa kumi, bado. Saa kumi na moja wakatwambia leo haziendi tena, shukeni kwa ngazi. Nawaelewa kabisa, huwezi kuning'iniza watu kwenye waya na upepo ule, ila mimi nina mtu wa goti na sendo na chini yetu kuna ngazi 5,000.

Doli zipo, hicho kiti kinachobebwa na wapagazi kwenye mti begani, bei yake inaenda kwa kilo za mtu, lakini siku hiyo kila mzee aliyekwama anaitaka na zote zimeshachukuliwa. Tukaanza kushuka. Jua likazama mapema kama kawaida ya mwezi wa 12, baridi ikaingia. Ngazi zimeandikwa namba kwa rangi, na dada akawa anazisoma kwa sauti, 4,200, 4,100, kila mia anakaa. Kwenye 3,000 hivi goti likagoma, akawa anashuka kwa makalio, ngazi moja moja, analia kimyakimya ili nisione. Muuza chai mmoja alikuwa anafunga kibanda chake, akatuona, akatupa maji ya ndimu na chumvi, akampa dada fimbo yake mwenyewe na pesa akakataa. Tulifika chini saa tatu usiku. Dada hakutembea vizuri wiki mbili, na mimi nilimwita mlimani bila kujiuliza swali hata moja.

Kwa hiyo: panga safari kana kwamba kebo kaa ya kurudi haipo. Ukiwa na mgonjwa, mjamzito au mzee, mwone Mama Amba asubuhi mapema kisha mgeuze. Uliza hali ya upepo kabla hujakata tiketi, na wakati wa mvua kubwa ndio usiitegemee kabisa. Tochi, sweta, fimbo, chaji, hela taslimu.

Sikukuu nazo zina mambo yake. Mahashivratri, usiku mkuu wa Shiva, Februari au Machi, Bhavnath inajaa masadhu wa Naga, watawa wanaotembea uchi, usiku wa manane wanaandamana wakiwa wamejipaka majivu hadi kuoga kwenye kisima cha Mrigi Kund, na wenyeji wanaamini kuna wanaozama pale na hawaonekani tena wakitoka. Chumba tafuta mapema, na mtoto mwandikie namba ya simu mkononi. Baada ya Diwali, sikukuu ya taa ya Oktoba au Novemba, kuna Lili Parikrama, kilomita 36 kuuzunguka mlima kwa miguu, watu wanalala msituni. Humo usijitenge na kundi hata kwa haja ndogo, chui wapo.

Ukipata muda, pale barabarani kabla ya Bhavnath simama kwenye jiwe la Ashoka, mfalme wa kale wa India, maandishi yake yana zaidi ya miaka 2,200. Chakula usikishike mkononi, nyani watakunyang'anya. Kula kidogo kabla ya kupanda. Na mtu akikwambia amechoka, mwamini hapohapo, kaeni chini.