Somo: Gego la juu na gego la chini lifundishwe siku moja

Mara nyingi mwanafunzi wa udaktari wa meno hukaririshwa meno 32 moja baada ya jingine, na habari za jinsi taya zinavyokutana huja baadaye kabisa. Nawasihi walimu wenzangu tuuache utaratibu huo. Kila tuta na kila kibonde cha gego kipo kwa sababu ya jino linalolielekea, na anayelikariri peke yake atakuja kujaza jino la mgonjwa bila kujua ncha ya upande wa pili itatua wapi.

Hapa nitatumia magego mawili tu: 16, gego la kwanza la juu kulia, na 46, la chini yake. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati.

Hatua ya 1: Vifaa. Sabuni ya mche, kisu kidogo, rula, penseli, modeli za plasta za taya zote mbili na karatasi ya rangi ya kupimia meno yanavyogusana. Nta ni nzuri zaidi, lakini sabuni inatosha kabisa. Chagua ambayo haijakauka sana, maana kavu hupasuka.

Hatua ya 2: Vipimo na mchoro. Taji la 16, yaani sehemu ya jino iliyo nje ya ufizi, lina kimo cha takriban milimita 7.5, urefu wa 10 kutoka mbele hadi nyuma, na upana wa 11 kutoka shavuni hadi kaakaani. La 46 ni 7.5, 11 na 10.5. Zidisha kila kipimo kwa 3, kisha wanafunzi wachore jino kwa pande zote kabla ya kushika kisu. Waache wagundue wenyewe kwamba la juu limepanuka kuelekea kaakaa, na la chini limerefuka kufuata mstari wa taya.

Hatua ya 3: Kuchonga. Gego la 16 lina ncha nne, mbili za shavuni na mbili za kaakaani. Kubwa kuliko zote ni ya mbele ya kaakaani, na kutoka kwake tuta la mshazari hukata hadi ncha ya nyuma ya shavuni. Wengine wana ncha ndogo ya tano ubavuni mwa hiyo kubwa, iliyopewa jina la Georg Carabelli, daktari wa meno wa Vienna. Gego la 46 lina ncha tano: tatu shavuni, mbili upande wa ulimi. Usikubali mwanafunzi achonge vibonde kwa kuchimba. Ashushe miteremko ya ncha, na kibonde kitajitokeza pale inapokutana.

Hatua ya 4: Kuyakutanisha. Hapa tumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Mpe mwanafunzi magego mawili aliyoyachonga ayafumbe mkononi. Ncha ya mbele ya kaakaani ya 16 inatua katika kibonde cha katikati cha 46, kama mchi ndani ya kinu. Ncha ya katikati ya shavuni ya 46 nayo inapanda hadi kibonde cha katikati cha 16. Hizi ndizo ncha za kubeba nguvu ya kuuma: za kaakaani kwa meno ya juu, za shavuni kwa meno ya chini. Zilizobaki hukinga shavu na ulimi visibanwe, na husaidia kukata chakula.

Mwambie sasa atazame kutoka shavuni. Ncha ya mbele ya shavuni ya 16 inalala kwenye mfuo ulio kati ya ncha mbili za mbele za shavuni za 46. Uhusiano huu ndio Edward Angle, daktari wa meno Mmarekani, alioutumia mwaka 1899 kuyapanga makundi yake matatu ya jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Kwa aliyechonga mwenyewe, makundi hayo hayana haja ya kukaririwa.

Hatua ya 5: Mwendo wa pembeni. Chukueni modeli za plasta, telezesheni taya ya chini kuelekea kulia. Kwa watu wengi chonge za upande huo husuguana na kuyatenganisha magego. Kwa wengine meno kadhaa ya nyuma hushiriki. Angalieni pia upande wa kushoto, ambako ncha za kubeba hupita karibu sana. Mjazo ulioachwa juu kidogo huanza kugonga hapo.

Hatua ya 6: Kinywani. Wapimane wao kwa wao kwa karatasi ya rangi. Kausha meno kwanza, kwa kuwa jino lenye mate halishiki rangi. Doa lenye duara na kitovu cheupe huashiria mgandamizo mkubwa.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo Daktari. Nikipewa gego la juu lililong'olewa, nitajuaje ni la kulia au la kushoto?*

Marahaba mwanangu. Lishike mizizi ikiwa juu, ile miwili ya shavuni ikikutazama, na mmoja wa kaakaani nyuma yake. Tafuta upande wa mbele: mzizi wake wa shavuni ni mpana zaidi, na ncha ndogo ya kaakaani iko upande wa nyuma. Upande wa mbele ukiwa kwenye mkono wako wa kulia, jino ni la kulia.

*Mwalimu mwenzangu, meno halisi mnayasafishaje kabla ya kuwapa wanafunzi?*

Tunayaondoa damu na nyama, tunayahifadhi kwenye majimaji yasikauke, kisha yanaingia kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Lakini lenye mjazo wa amalgamu, ambao una zebaki, lisiingie humo kamwe, kwa sababu ya mvuke wa zebaki. Hilo hulowekwa kwenye formalini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 10 kwa wiki mbili.

*Dokta, mgonjwa akiwa na ganzi anasema mjazo uko sawa, kesho anarudi analia kwa maumivu akiuma. Nifanyeje?*

Usitegemee neno lake peke yake, ganzi inamdanganya. Weka alama za rangi kabla hujaanza kuchimba, ili ujue meno yalikuwa yakigusana wapi. Ukimaliza, mkalishe wima, aume, ateleze kulia na kushoto, kisha linganisha. Alama za meno ya jirani zikipotea, mjazo bado uko juu.

*Naomba kuuliza kama mzazi. Mwanangu ana miaka 6, gego la nyuma limetoboka. Nimeambiwa ni la utoto, litang'oka. Ni kweli?*

Dada yangu, mhesabie kutoka katikati kwenda nyuma. Meno ya utoto ni matano kila upande wa kila taya. Likiwa la sita, ni gego la kudumu, hili hili tulilolichonga hapa. Huota karibu na umri huo nyuma ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hawalitambui. Mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, na uombe lizibwe kama bado inawezekana.